Jinsi ya kuandaa wikendi ya historia hai ya Majimaji, isiishie kuwa maigizo ya bunduki tu

Kila mwezi wa pili ukikaribia naanza kupata meseji za vijana wa vikundi vya sanaa, walimu wa historia, hata wenyeviti wa vijiji, wote wanauliza kitu kimoja, na sisi tunataka tufanye wikendi ya Majimaji kwetu, watu wavae kama enzi zile, wapike kama enzi zile, waigize vita, tunaanzia wapi? Nimeona niandike yote sehemu moja, mtu achukue linalomfaa kulingana na alipo, maana Kilwa sio Songea na Songea sio Mahenge.

Kabla ya yote naomba mkubaliane jambo moja kwenye kamati yenu. Vita vya Majimaji, vile ambavyo watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipigana na utawala wa Wajerumani kati ya 1905 na 1907, vilianzia shambani na vikaishia kwenye njaa, mapigano yako katikati tu. Wengi wakisikia historia hai wanawaza kurushiana mikuki na milio ya bunduki, watazamaji wanapiga makofi, basi imeisha. Sasa angalia hesabu. Upande wa Wajerumani walikufa wazungu 15, askari weusi 73 na rugaruga 316, yaani wapiganaji wa kienyeji waliowasaidia Wajerumani. Upande wetu Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wanasema walifika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Kwa hiyo ukitumia siku mbili nzima kuonyesha risasi unakuwa umewasahau wengi waliokufa. Mimi nagawa hivi: Ijumaa jioni wazee, Jumamosi asubuhi shamba la pamba, mchana minong'ono na maji, alasiri mapigano kidogo, Jumapili njaa na makaburi. Nitaenda nayo hivyohivyo.

Kuhusu tarehe, msikimbilie Februari kwa sababu tu mmezoea kuisikia. Songea ina haki ya Februari kwa kuwa tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60, na kila mwaka kuna kumbukizi kubwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, penye kaburi la pamoja na sanamu za mashujaa. Kama mko Ruvuma nendeni mkashiriki ile, ya kwenu wekeni wiki nyingine, msigombanie wazee walewale na ngoma zilezile. Halafu Februari Songea ni mvua, barabara za vijijini zinakuwa tope tupu, turubai zinavuja, jenereta linaloa. Kama mko Umatumbini, yaani kwa Wamatumbi kule Kilwa, mwisho wa Julai ndio penyewe, maana ndipo watu wa Nandete walipong'oa pamba mwaka 1905, na Julai ni kiangazi. Mahenge ya Ulanga wana tarehe 30 Agosti, siku ambayo maelfu ya wapiganaji waliikabili boma yenye bunduki za rasharasha. Liwale nao wana Agosti yao, boma yao ilianguka mwezi huohuo. Chagueni tarehe inayohusu ardhi mnayosimama juu yake, watu wa pale watakuja wenyewe bila kubembelezwa.

Sasa wazee. Hapa ndipo shughuli inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiende kwa mzee na ratiba imeshachapwa. Nenda mapema, miezi mitatu kabla ikiwezekana, nenda na mtu anayefahamika kwenye ukoo, amkia vizuri, kaa, kunywa ulichopewa, na siku ya kwanza usitoe simu kurekodi. Kwa Wangoni anza kwa wazee wa kimila, wao watakwambia nkosi, yaani chifu mkuu, ataarifiwaje na ukoo gani unatakiwa uombwe ruhusa. Ukoo wa Mbano sio ukoo wa Gama. Songea Mbano alikuwa nduna, yaani mkuu chini ya nkosi, Mputa Gama alikuwa nkosi wa Njelu, Chabruma alikuwa nkosi wa Mshope, hizo ndizo falme mbili za Wangoni, na yeye alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji akafia huko, na kila ukoo unayo masimulizi yake na maumivu yake. Ukimpa kijana wa nje nafasi ya kumuigiza Songea Mbano bila familia kujua, utakuwa umekosea adabu hata kama kijana anaigiza vizuri kuliko wote. Na kumbukeni familia ile bado inadai kichwa cha babu yao ambacho inasemekana kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha na akaahidi kusaidia kukitafuta. Kwao haya sio ya kwenye kitabu.

Waulizeni wazee mambo matatu wazi kabisa. Nini kionyeshwe, nini kisionyeshwe, na nini kisemwe kwa mdomo tu bila kuigizwa. Hilo la tatu ndilo wengi wanalisahau na ndilo linalotoa vitu vizuri zaidi, maana mzee mwingine hataki uigize kifo cha babu yake lakini yuko tayari kukaa mbele ya watu nusu saa akawasimulia. Mpe hiyo nusu saa, tena mpe maiki inayofanya kazi, na kiti chenye mgongo.

Ijumaa jioni iwe yao. Moto, mikeka, watoto mbele, wazee wanasimulia, hakuna spika za muziki. Mwalimu mmoja awe na daftari na mwingine awe anarekodi kwa ruhusa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini kuchukua masimulizi ya Majimaji kwa wazee waliokuwepo au waliosimuliwa na wazazi wao, na mengi tunayoyajua leo kuhusu upande wetu yametoka pale. Wale wazee hawapo tena. Mlionao sasa ni wajukuu na vitukuu, nao wanapungua kila mwaka, kwa hiyo hata wikendi yote ikiharibika kwa mvua, Ijumaa hii peke yake inatosha kuwa kazi.

Vibali nitavipita haraka ila msivipuuze. Anzeni serikali ya kijiji au mtaa, kisha halmashauri kwa afisa utamaduni, kisha polisi mpeleke barua yenye ratiba na idadi ya watu. Kama mnatumia eneo la makumbusho au lolote lililo chini ya mambo ya kale, ombeni huko pia, na wala msichimbe, msipake rangi, msiwashe moto juu ya kaburi au kumbukumbu. Polisi waelezeni kwa maandishi kwamba kutakuwa na bunduki za mbao na watu waliovaa kama askari wa zamani, na siku yenyewe waombeni wawepo. Kwenye mavazi ya askari kuwa makini sana, raia kuvaa kitu kinachofanana na sare ya jeshi letu ni kosa, kwa hiyo msichukue kombati ya madoadoa wala kofia ya jeshi la sasa mkasema itafaa. Shoneni kaki ya wazi isiyo na nembo yoyote ya leo.

Jumamosi asubuhi, shamba. Hapa ndio moyo wa kazi yote.

Watu wanaojua Majimaji kama hadithi ya dawa na risasi hawajui kilichowachosha watu. Kodi ya nyumba ilianza 1898 na ilitakiwa ilipwe kwa rupia, na mtu asiye na rupia alipelekwa kufanya kazi. Kuanzia 1902 Wajerumani wakaleta mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, na shamba lake, upande wa Dar es Salaam mtu alitakiwa siku 28 kwa mwaka, na malipo yalikuwa kiduchu kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Siku hizo zilikuwa zinaangukia wakati ambao mtu anatakiwa awe kwenye mpunga wake au mtama wake anafukuza nguruwe. Fikiria unaacha chakula cha wanao kinaliwa na nguruwe ukapalilie pamba ya serikali.

Muonyeshe hivi. Tafuta kipande cha ardhi tupu kama robo ya uwanja wa mpira. Msipande pamba ya kweli, mikoa ya kusini ina zuio la muda mrefu la kilimo cha pamba kwa sababu ya funza mwekundu, muulizeni afisa kilimo wenu atawaeleza. Simikeni vijiti au mabua makavu kwenye mistari, fungieni vipande vya pamba ya dukani juu yake, kwa mbali inaonekana vizuri tu. Halafu wapeni watazamaji majembe. Ndiyo, watazamaji. Hii ndiyo tofauti ya historia hai na tamthilia, mtu hatazami tu, anashika. Wapange kwenye mstari, akida, yaani msimamizi wa Wajerumani aliyekuwa juu ya majumbe, anapita na daftari anaita majina, jumbe yuko pembeni anaogopa akida, askari yuko nyuma. Waambiwe walime bila kuongea dakika ishirini juani. Dakika ishirini sio nyingi lakini jembe la mpini mfupi linainamisha mgongo na hakuna anayemaliza anacheka. Wajawazito, wagonjwa na wazee wakae kivulini, na maji ya kunywa yawe karibu.

Kiboko sasa. Watu wengi wa umri mkubwa wanalijua neno hamsa ishirini, viboko 25 vya Mjerumani. Msimchape mtu, hata kwa kuigiza, hata kwa fimbo laini, nimeona jinsi jambo hilo linavyobadilika watu wakishapandwa na mori. Fanyeni hivi: aliyehukumiwa analala kifudifudi uso chini, hatua tano pembeni yake kuna gunia lililoshindiliwa majani makavu, askari analipiga gunia na mtu mmoja anahesabu kwa sauti mpaka ishirini na tano. Msifupishe. Ikifika kumi watu wanaanza kunong'onezana iishe, ikifika kumi na tano wanakaa kimya, ikifika ishirini utaona kina mama wanageuza nyuso, na hakuna aliyeguswa hata kidogo.

Baada ya hapo ndio mng'oe pamba. Nandete waliotangulia kung'oa wanatajwa kwa majina, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waling'oa miche michache tu lakini kung'oa pamba ya serikali ilikuwa ni kutangaza vita. Acheni vijana wawili watoke kwenye mstari, wang'oe vijiti vitatu vinne wavitupe njiani, kisha kimya. Msiwarushe watu wote mara moja kwenye kelele, ule ukimya ndio unaoeleza uzito wa walichokifanya.

Mchana, kuna kitu kinaitwa njwiywila ambacho watoto wanakipenda mno na kinafundisha kuliko hotuba. Wamatumbi walisambaza habari za maji, ile dawa ya vita, kwa minong'ono, mtu anamwambia wa karibu kwa siri naye anapeleka kwa wa kwake, ndiyo maana akida walikuwa wanalala hawajui kinachoendelea. Mpe mtoto mmoja ujumbe mfupi asubuhi, mfano siku na mahali pa kukutana, umwambie aupitishe bila akida kujua, na wale wanaoigiza akida na askari wakizunguka kijijini wajaribu kuunasa. Mchana waiteni wote muone ujumbe umefika kwa wangapi. Utashangaa. Na mzee aseme kwamba hivi ndivyo makabila yapatayo 20, yenye lugha mbalimbali na mengine yalikuwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe, yaliunganishwa bila simu wala gazeti.

Halafu maji yenyewe, na hapa naomba heshima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, akawaambia risasi zitageuka maji. Ni rahisi sana kwa kijana wa leo kuigiza sehemu hii kwa kuchekesha, mganga anaruka ruka na mikia, watu wanavunjika mbavu. Msikubali. Watu waliyapokea maji kwa sababu walikuwa wamebanwa na hawana pa kutokea, na kwa sababu dawa ile iliwapa kiapo kimoja, walikuwa na miiko, walikatazwa kupora na walikatazwa kukutana na wake zao wakati wa vita. Ilikuwa nidhamu ya jeshi. Anayeigiza Kinjikitile awe mtu mzima mwenye utulivu, aongee taratibu, anyunyizie maji ya kawaida kwa usinga, na kabla ya kuanza mtu aeleze wazi kwamba haya ni maonyesho, sio tambiko. Msichukue maji sehemu yoyote inayoheshimiwa kimila bila ruhusa. Viongozi wa dini waelezeni mapema vilevile, msikitini na kanisani, ili muumini anayesita ajue ni nini. Na mkumbuke kanisa nalo lina wafu wake kwenye vita hii, Askofu Cassian Spiss aliuawa na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, tarehe 14 Agosti 1905, na misheni ya Peramiho ikachomwa mwaka huohuo. Semeni hilo waziwazi. Kulificha hakuwasaidii mashujaa wetu chochote.

Mwambieni pia mtazamaji kwamba Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na bado vita viliendelea mpaka 1907. Hii inafuta ile dhana kwamba watu walimfuata mganga mmoja kama kondoo, akafa wakatawanyika.

Mapigano, fupisheni. Dakika kumi na tano zinatosha, na mimi naonaga Mahenge ndiyo ya kuonyesha kwa kuwa inaeleweka haraka: uwanja wazi, boma juu, watu wanakuja kwa mamia wakiwa na imani, bunduki za rasharasha zinangoja. Silaha za kwetu ni mikuki, pinde, marungu na magobori ya kushindilia baruti, Wangoni ongezeni ngao za ngozi ya ng'ombe. Mikuki yote iwe ya mbao yenye ncha butu iliyofungwa kitambaa, na mtu wa usalama aikague mmoja mmoja kabla ya kuingia uwanjani, wala msimwamini mtu anayesema wa kwangu ni butu. Fataki na baruti msitumie kabisa. Milio fanyeni kwa ngoma, risasi moja moja ni kofi moja la ngoma kubwa, na rasharasha ni vijana wanne wenye fimbo mbili mbili kwenye madebe matupu, wanaanza kwa ghafla na wanakata kwa ghafla. Inatisha kuliko fataki, nawaambieni. Wapiganaji waanguke wanapojisikia lakini waambieni wasijirushe kwa mbwembwe, na wakianguka wakae chini hivyohivyo mpaka mwisho. Wale waliobaki wasimame, waangalie wenzao, waondoke wakitembea. Msikimbie. Baada ya hapo ndio lizombe au ngoma yenu nyingine ipigwe, sio kabla, sio katikati.

Swali ninaloulizwa sana ni nani aigize askari. Hili ni gumu kwa sababu askari wa Mjerumani wengi walikuwa Waafrika, wengine walitoka Sudan, wengine Msumbiji, wengine hapahapa, na rugaruga walikuwa majirani. Kuna familia zina babu upande mmoja na babu mwingine upande wa pili. Kwa hiyo askari wawe watu wazima waliojitolea wenyewe, wasiwe watoto wala wasiwe vijana waliolazimishwa kwa kuwa ni wageni kijijini. Baada ya onyesho wavue zile nguo mbele ya watu, waitwe kwa majina yao, wasalimiwe. Huwa nawasisitiza wasiruke hatua hiyo, maana watoto wadogo wanaweza kumchukia mtu wiki nzima. Maofisa wa kizungu waigizwe na watu wetu kwa maneno machache tu, na msimpake mtu chokaa usoni, inakuwa vichekesho.

Mavazi kwa ujumla ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kaniki, yaani kitambaa cheusi cha pamba, na merikani, yaani kitambaa cheupe cha pamba kisichong'aa, ndivyo vilivaliwa sana. Nunueni jora moja moja fundi akakate mashuka, hakuna kushona sana, mtu anajifunga. Kina mama wajifunge kaniki kifuani, shanga kama zipo. Askari wa Mjerumani walivaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na miguuni walizungushia kitambaa mpaka chini ya goti, hayo yote fundi wa kijijini anayaweza. Kinachoharibu ni vitu vidogo: saa ya mkononi, hereni za plastiki, raba nyeupe, fulana ya timu inayochungulia chini ya shuka, na simu. Wekeni kikapu mlangoni, kila anayeigiza aache simu yake, na mtu mmoja tu ndiye apige picha. Vitenge vya rangi kali viachwe nyumbani. Nywele za kusuka za kisasa zifunikwe kwa kitambaa tu, msimwambie mtu akanyoe.

Jumapili sasa, siku ambayo wengi hawaiandai kabisa kwa kuwa wanaona vita vimeisha Jumamosi jioni.

Vita vilikuwa havijaisha. Wajerumani waliona hawawezi kuwamaliza watu waliogawanyika porini, na ofisa wao mmoja, Wangenheim, akaandika kwamba ni njaa tu itakayowatiisha. Wakachoma vijiji, wakachukua mifugo, wakateketeza mashamba na akiba, wakazuia watu wasipande. Njaa ilipokuja haikuchagua aliyepigana na asiyepigana. Sehemu kubwa ya ardhi ilibaki tupu, pori likarudi, mbung'o wakarudi, tembo wakarudi, na kipande chake kikaja kuwa Pori la Akiba la Selous. Mtu wa Liwale anayesumbuliwa na tembo shambani leo ana haki ya kujua historia hiyo.

Onyesheni kwa ghala na chungu. Ijumaa jengeni ghala dogo la fito na nyasi katikati ya uwanja, Jumamosi mlijaze magunzi na mtama kidogo kila mtu aone, watu wapikiwe ugali kutoka hapo washibe. Jumapili alfajiri, kabla wageni hawajafika, libomoeni, mwageni majivu chini yake. Msilichome, kiangazi moto unakimbia. Chakula cha asubuhi ya Jumapili kiwe kidogo kuliko kawaida, uji mwepesi usio na sukari kwa watu wazima, halafu kina mama waonyeshe mizizi na majani ambayo bibi zao waliwaonyesha kuwa ni ya wakati wa shida. Kusini ming'oko inafahamika na inaliwa hata leo, chemsheni hiyo watu waonje. Ndiga msipike hata kwa kuonyesha, ina sumu, inahitaji kulowekwa na kubadilishiwa maji siku nyingi na sio kila mtu anajua. Watoto wapewe chakula chao kamili pembeni, wagonjwa wa kisukari na vidonda vya tumbo nao wale kama kawaida, sisi tunakumbuka njaa, hatuileti tena.

Hapo waacheni wanawake waongoze. Kwenye masimulizi ya vita wanaume wanajaza jukwaa, lakini njaa waliibeba kina mama, wao ndio waliotafuta mizizi na wao ndio waliozika watoto. Na Ungoni wanaye Mkomanile, mwanamke kiongozi aliyeyapokea maji na kuhesabiwa kati ya mashujaa. Mtafuteni mama mwenye sauti amsimulie.

Kunyonga msikuigize. Nasema tena, msijenge kitanzi, msimvalishe mtu kamba, hata kama mmeahidiwa pesa ya filamu. Tarehe 27 Februari 1906 inatosha kusimuliwa. Badala yake someni majina. Mtu mmoja, sauti moja, polepole, jina moja kisha nafasi ya pumzi mbili, na kwa kila jina waliopo wa ukoo huo wasimame wabaki wamesimama. Kama mko Songea fanyeni hivyo kwa utaratibu wa makumbusho, kama mko mbali tengenezeni orodha ya kwenu kutoka kwa wazee wa Ijumaa, hata majina sita tu, hata kama hamna uhakika wa mwaka. Majina ya watu waliokufa kwa njaa nayo yasomwe kama yanakumbukwa.

Mambo ya mwisho ya kawaida. Vyoo vya muda vichimbwe mapema na viwe mbali na kisima. Muuguzi wa zahanati awepo Jumamosi nzima. Wauza vyakula waruhusiwe ila wakae nje ya eneo la onyesho na bila muziki. Bajeti yenu iweke kwanza nauli na posho ya wazee, kisha chakula, kisha kitambaa, spika ziwe za mwisho, nimeona mahali spika zimekula hela yote na mzee amerudi kwa miguu. Anayetoka Dar kwenda Songea ni safari ya kilomita 900 na zaidi kupitia Iringa, Makambako na Njombe, kwa hiyo wageni wa mbali wafike Alhamisi, na waje na sweta kama ni Juni au Julai.

Jumatatu kusanyeni mikuki yote ihesabiwe na kufungiwa ofisi ya kijiji, isibaki mikononi mwa watoto. Sauti mlizorekodi Ijumaa ziwekwe kwenye flashi kadhaa, moja ya shule, moja ya halmashauri kwa afisa utamaduni, na moja ipelekwe nyumbani kwa kila mzee aliyesimulia ikiwezekana, akae na wajukuu aisikilize, na kama kuna sehemu anasema hapana hapa nilichanganya, rekodini hayo masahihisho mwisho wa ileile sauti.